Tumbo Joto la Kufungua Chuo na Kazi ya Lengo Lililoandikwa

Mwezi wa kumi Mpanda una sura yake. Vumbi limekaa hadi kwenye majani ya miembe, Mto Katuma pale Sitalike umebaki madimbwi ambamo viboko wanabanana kama abiria wa daladala, na kila mtu anatazama juu kuulizia mvua. Ndio mwezi huohuo ambao wanafunzi waliorudi nyumbani kwa likizo ndefu, wa Makanyagio, wa Nsemulwa, wa Inyonga, wa Usevya, wanaanza kuhesabu siku. Wengine watapanda basi la Tabora, wengine watakata katikati ya Hifadhi ya Katavi kuelekea Sumbawanga na Mbeya, wengine watapanda treni ya Kaliua kwenye ile reli ya tawi iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Wapo pia wasioenda mbali, kwa sababu SUA ina Kampasi ya Mizengo Pinda hapahapa Katavi. Safari zinatofautiana, lakini tumbo joto ni lilelile.

Tumbo joto hilo lina vyanzo vyake. Wa mwaka wa kwanza anaogopa asichokijua: bweni, mkopo utaingia lini, Kiingereza cha lekcha, watu mia tatu ndani ya ukumbi mmoja. Wa mwaka wa pili na wa tatu anaogopa anachokijua vizuri sana: kari ya semista iliyopita, GPA iliyokaa pabaya, na neno disko ambalo nyumbani hakuna anayelitamka kwa sauti. Halafu kuna jambo letu sisi watu wa huku. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Chuo kinafunguliwa jembe linapoanza kuingia ardhini. Unaondoka wakati mikono yako inahitajika, na nauli uliyoshika imetoka kwenye magunia ya mpunga ambayo yangeweza kusubiri bei nzuri. Mtu wa namna hiyo akifika chuoni hajabeba begi tu. Kabeba deni, hata kama hakuna aliyemdai.

Sasa, mwanafunzi mwenye hofu hufanya nini? Wengi wetu tunatoa kiapo. "Mwaka huu nitakomaa." "Semista hii nitapiga msuli si mchezo." Kiapo kinapoza moyo kwa siku mbili tatu, na ubaya wake hauonekani haraka. Tatizo la "nitakomaa" ni kwamba hakuna siku utakayoamka ujue umekomaa vya kutosha. Ukisoma saa mbili, ungeweza kusoma tatu. Ukisoma tatu, jirani yako kasoma tano. Lengo lisilo na mwisho halimalizi hofu, linaipa chumba cha kulala.

Hili si wazo langu tu. Wanasaikolojia wawili, Edwin Locke na Gary Latham, walitumia miaka mingi kulichunguza, na kitabu chao kikubwa juu ya nadharia ya malengo kilitoka mwaka 1990. Walichokuta ni rahisi kukisema: mtu aliyepewa lengo mahsusi na gumu kiasi hufanya vizuri kuliko mtu aliyeambiwa "jitahidi uwezavyo". Lakini mfano ninaoupenda zaidi haukutoka darasani. Ulitoka kwa madereva wa malori ya magogo.

Huko Oklahoma, Marekani, kampuni moja ya mbao ilikuwa na malori yanayosomba magogo kutoka msituni kwenda kiwandani. Kila lori lilikuwa na uzito wa juu unaoruhusiwa kisheria, lakini madereva walikuwa wakipakia karibu asilimia 60 tu ya uzito huo. Magogo hayalingani, kupima kwa macho ni kazi, na hakuna anayetaka kukamatwa kwenye mizani. Walikuwa wameshaambiwa mara nyingi wajitahidi. Latham na mwenzake James Baldes, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1975, waliwapa madereva namba: asilimia 94. Hakukuwa na posho ya ziada. Mwezi wa kwanza mizigo ikapanda hadi kama asilimia 80. Mwezi wa pili ikashuka hadi karibu 70. Mwezi wa tatu ikavuka 90 na kubaki huko.

Huo mwezi wa pili ndio ninaotaka uukumbuke. Watafiti walielezwa kwamba madereva walikuwa wanapima kwanza kama kweli hawataadhibiwa wakipungukiwa. Walipoona hakuna fimbo, wakarudi kazini. Kwa mwanafunzi, mwezi wa pili huja na test ya kwanza. Ulipanga vizuri, wiki nne ukaenda sawa, halafu test ikakupiga. Wengi wanachana ratiba siku hiyo, wakisema mipango si ya watu kama wao. Dereva wa magogo alishuka alama kumi na lengo lilibaki palepale ukutani likimsubiri.

Lakini ngoja. Lori halina hofu, na sisi mada yetu ni hofu. Je, kuandika lengo kunapunguza wasiwasi wenyewe, au kunaongeza matokeo tu?

Mwaka 2011, E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha majaribio yaliyogusa hapo hasa. Watu waliokumbushwa mambo muhimu ambayo hawajayakamilisha walipewa kazi ya kusoma kurasa za riwaya. Mawazo ya yale mambo yaliwaingilia katikati ya kusoma, wakapoteza mtiririko. Kundi jingine lilikumbushwa vilevile, ila likaambiwa liandike mpango wa namna ya kuyakamilisha. Mawazo hayakuwasumbua tena kiasi kile. Zingatia: kazi zenyewe zilikuwa bado hazijafanyika. Mpango tu ulitosha kuiambia akili kwamba jambo hili lina siku yake, kaa kimya.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini mtu anakaa sebuleni Kashaulili wiki mbili kabla ya kufungua chuo na hawezi hata kufuatilia taarifa ya habari. Kila jambo ambalo halijapewa siku linagonga mlango.

Basi tukae chini tuandike. Nitamchukua kijana wa mfano, wa kubuni, ila sote tunamjua: yuko mwaka wa pili, GPA ya mwaka wa kwanza ni 2.9, ana kari moja ya Takwimu. Hofu yake kwa maneno yake ni "sijui kama nitamaliza vizuri". Kazi ya kwanza ni kuigeuza hofu hiyo iwe hesabu, kwa sababu namba ina mwisho na hofu haina.

Shahada ya miaka mitatu nchini ina angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Daraja la pili la juu linaanzia GPA 3.5. Kijana wetu tayari ana krediti 120 zenye 2.9. Zidisha: 348. Ili amalize na 3.5 anahitaji jumla ya 1,260. Toa 348, zinabaki 912, gawa kwa krediti 240 zilizobaki. Jibu ni 3.8. Kwa lugha ya kawaida, miaka miwili iliyobaki inabidi iwe na wastani wa 3.8. Inawezekana? Inawezekana, ila ni mlima kwa mtu aliyetoka 2.9. Akitaka kumaliza na 3.2, anahitaji wastani wa 3.35 tu. Hilo ni ngazi, si mlima. Sasa anaweza kuchagua akijua anachochagua. Wapo wanaotembea na "nataka upper" miaka mitatu bila kukaa hata dakika kumi na kalkuleta, na mimi naona huo ni ukatili wa kujifanyia mwenyewe.

Fanya hivyohivyo kwa somo mojamoja. Vyuo vingi vinagawa alama 40 kwa kozi weki na 60 kwa UE. Soma taratibu za chuo chako, maana vinatofautiana, lakini tuseme cha kwako kinahesabu 40 kwa 100 kuwa ni kufaulu. Una 18 za kozi weki. Unahitaji 22 kati ya 60. Hofu ilikuwa inasema "nitafeli", karatasi inasema 22. Ukitaka 50, unahitaji 32. Hakuna aliyekudanganya kwamba ni rahisi, ila sasa unajua urefu wa ukuta.

Halafu muda. Krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha darasani, maabara na kusoma mwenyewe. Somo la krediti 10 ni saa 100. Ukizigawa kwa wiki 15 za semista unapata kama saa sita na nusu kwa wiki. Tatu hivi uko darasani. Zilizobaki, tatu na nusu, ndizo za Takwimu peke yako na daftari lako. Kijana wetu mwaka wa kwanza alikuwa akiwapa Takwimu usiku mmoja mzima kabla ya mtihani, na madesa ya kukopa. Usiku mmoja una saa ngapi?

Sehemu inayofuata ni kulikata lengo. Mwaka 1981 Albert Bandura na Dale Schunk walichapisha utafiti wa watoto waliokuwa dhaifu kwenye hesabu za kutoa. Kulikuwa na kurasa 42 za kufanya katika vipindi saba. Kundi moja liliambiwa lilenge kurasa sita kila kipindi. Kundi jingine liliambiwa lilenge kumaliza zote 42 mwisho wa vipindi. Jumla ni ileile, si ndiyo? Wenye sita sita walifanya vizuri zaidi, wakajiamini zaidi, na hata wakaanza kuzipenda hesabu. Wenye 42 hawakuwa na tofauti ya maana na watoto ambao hawakupewa lengo lolote. Hivyo 3.35 ibandike ndani ya kabati. Juu ya meza weka ya wiki hii: maswali manne ya Takwimu, sura moja, asaimenti moja.

Na usiishie kwenye "nini". Weka "lini" na "wapi". Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika ripoti wakati wa Krismasi, ndani ya saa 48, wakati ambao kila mtu yuko nyumbani anakula. Walioandika mapema watakaa wapi na saa ngapi, karibu robo tatu waliikamilisha. Wale ambao hawakuandika, karibu theluthi moja tu. Nia ilikuwepo pande zote mbili. Kwa hiyo badala ya "nitasoma Takwimu zaidi", andika: Jumanne na Alhamisi, nikitoka kula mchana, naingia maktaba na kufanya swali moja la mtihani uliopita kabla sijashika simu. Unaweza kuifunga hata hofu yenyewe kwa kamba hiyo: nikijikuta saa tano usiku nahesabu watakaonicheka, nawasha taa, naandika kitu kimoja cha kufanya kesho, nalala.

Mtu atauliza, kwani hizi si zile herufi tano za SMART tulizofundishwa? Ni ndugu zake. George Doran aliziandika mwaka 1981, na alikuwa anawaandikia mameneja wa makampuni. Si mbaya, ila mwanafunzi mwingi anazijua kwa ajili ya kujibu swali la mtihani na hajawahi kuzitumia kwa maisha yake hata Jumatatu moja.

Hapa niwageukie wa mwaka wa kwanza, maana kwenu kuna tahadhari. Latham na wenzake waligundua baadaye kwamba mtu anapokuwa kwenye kazi ngumu ambayo bado haijui, lengo la matokeo makubwa linaweza kumharibia. Anakimbilia alama kabla hajajua njia. Kinachomsaidia ni lengo la kujifunza. Kwa hiyo wewe uliyetoka kidato cha sita mwaka huu, "lazima nipate 4.4" ni lengo baya la wiki ya kwanza. Jiwekee haya: kufikia wiki ya tatu niwe nimejua njia tatu za kuchukua nukuu kwenye lekcha ya haraka, niwe nimewafahamu watu wanne wa kusoma nao, niwe nimeenda ofisini kwa mwalimu mmoja na swali. Namba itakuja semista ya pili, ukishajua mchezo unachezwaje.

Ushahidi kwa wanafunzi wenzetu upo pia. Nchini Kanada, Dominique Morisano na wenzake waliwachukua wanafunzi 85 wa chuo kikuu waliokuwa wakisuasua kimasomo. Baadhi waliongozwa kuandika malengo yao ya maisha kwa kina, kwa nini wanayataka, vikwazo gani vitakuja na watavikabili vipi. Baada ya miezi minne walikuwa wamepanda kimasomo kuliko wenzao, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa chache tu. Sisemi kila mtu atapanda. Nasema ni bei ndogo kwa mtu aliyelipa nauli ya Mpanda hadi Morogoro.

Kuna hofu ambazo karatasi haitaziweza. Ukikosa usingizi wiki na wiki, chakula hakipiti, moyo unaenda mbio bila sababu, au unaona afadhali usingekuwepo, hapo huhitaji ratiba, unahitaji mtu. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo, na mwambie mwenzako wa chumbani akusindikize. Hilo lisingoje wiki ya tatu.

Limebaki jambo ambalo vitabu vya Kizungu haviligusi sana, nalo kwetu ndilo zito kuliko yote: nyumbani hawajui. Mzazi anajua uko chuo, basi. Kari ni siri yako, na siri hiyo ndiyo inayochemsha tumbo kuliko Takwimu zenyewe. Kila anapokuaga kwa baraka, unajisikia mwizi. Ushauri wangu ni umwambie kabla hujapanda basi, lakini umwambie ukiwa na karatasi mkononi. Habari mbaya yenye mpango inapokelewa tofauti na habari mbaya tupu. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, jioni, anachambua mchele:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Begi umeshafunga?"

"Bado. Mama, nina jambo nataka ulijue kabla sijaondoka. Mwaka jana nilishikwa somo moja. Takwimu."

"Yaani umefeli?"

"Somo moja, mama. Mengine nimepita. Ila hilo natakiwa kulirudia."

Atanyamaza. Mwache anyamaze, usijaze kimya kwa viapo.

"Na hela ya kulirudia?"

Swali hilo usilikute njiani. Uwe umeshauliza chuoni linagharimu kiasi gani, au kama haligharimu kitu, na jibu uwe nalo. Kisha mwonyeshe: siku mbili kwa wiki, saa fulani, na nani atakusaidia. Hatafahamu Takwimu ni nini, na haidhuru. Anaijua ratiba. Mtu aliyelima msimu baada ya msimu anajua palizi ikichelewa wiki mbili mahindi hayasamehe, kwa hiyo hutamfundisha kitu kuhusu kugawa kazi kwa siku. Huenda akakurekebisha.

"Hii Jumanne umeweka saa nane mchana. Utaweza na joto hilo? Weka asubuhi."

Weka asubuhi.

Halafu atakuja kwenye lake, ambalo alikuwa nalo tangu mwanzo.

"Na palizi mwezi wa kwanza hutakuja?"

"Sitakuja, mama. Nitakuwa kwenye mitihani. Boom ikiingia nitatoa elfu hamsini umlipe kibarua."

"Usije ukasema tu."

Hana imani na maneno, na hakosei. Chukua kalamu mbele yake. Elfu hamsini ya palizi nayo inaandikwa kwenye karatasi ileile, chini ya Takwimu, na tarehe yake pembeni.